Kaseti ya Mzee Mbarouk

Jumamosi, 2 Novemba 1985

Siku ya kihistoria. Kazi niliyoianza kimyakimya kabla ya Ramadhani sasa ina jina. Nimetundika ubao barazani: ABASS – SAUTI YAKO KWA WALIO MBALI. Rangi imechuruzika kidogo kwenye neno la mwisho. Kwa mbali haionekani.

Redio kaseti yangu ya milango miwili iko mezani, juu ya kitambaa cha kudarizi. Imetoka Mombasa na kupita mpakani Horohoro ndani ya robota la mitumba. Mlango mmoja unacheza, wa pili unarekodi. Chumbageni nzima, hapa Tanga, hakuna nyingine. Kazi ni rahisi. Asiyejua kuandika, au asiyemwamini mwandishi wa barua, anakaa kwenye kiti changu na kusema. Kaseti inakwenda Pemba, Lushoto, hata Maskati. Jibu likija, analisikilizia kwangu.

Ernesti, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, amewaambia watu kwamba hiyo si kazi, ni umbea wa kutumia betri. Wivu mtupu!

Kwa faida ya shajara hii niandike pia kwamba nimemposa Bi Saleha, mjane, mshonaji wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Ana tabia njema, ana cherehani, na baraza lake linatazama barabara kubwa. Kinachosubiriwa ni ridhaa ya baba yake, Mzee Mbarouk wa Wete, Pemba. Yeye ndiye walii wake. Bila neno lake hakuna wa kufungisha ndoa. Msimu wa karafuu umembana, hawezi kuvuka. Jibu litakuja kwa kaseti. Na kaseti zote hupita kwangu.

Jumatatu, 4 Novemba

Mafanikio na ajali ndogo.

Mafanikio: nilimchezea mteja kaseti ya mjomba wake. Mjomba akaanza na assalaam aleikum. Watu wawili barazani wakaitikia, watatu wakanyamaza. Ukazuka ubishi kama salamu ya kaseti ni wajibu kuijibu. Sheikh Idarusi alikuwa akipita, akaulizwa. Akasema suala ni jipya, apewe muda. Sheikh mzima ameomba muda kwa sababu ya mashine yangu!

Ajali: Laurenti, dereva wa trekta la mkonge, alirekodi jana barua ya kumpelekea mama yake Lushoto. Alieleza kwa kirefu mapishi ya mkewe. Leo niliicheza barazani kwa sauti kubwa ili wateja wapya wasikie ubora wa mashine. Mkewe, Lea, alikuwa ng'ambo ya barabara na ndoo kichwani. Alisikia kila neno. Kiufundi ni ushahidi mzuri sana.

Laurenti amelala kwa shemeji yake.

Jumatano, 6 Novemba

Mama Bertha, mjumbe wetu wa nyumba kumi, ameitisha mkutano. Alikuwa muuguzi zamani, na bado anamtazama kila mtu kama anayeficha kidonda. Ajenda ilikuwa moja: kaseti.

Alisema dawa ikiingia nchini huja na maelezo ya matumizi, lakini mashine hii imeingia ndani ya gunia na haina hata maelezo. Alitaka zitungwe kanuni. Maneno ya mtu ni mali yake, akasema, hata yakiwa ndani ya plastiki.

Ernesti akasimama, akauliza kwa upole wa kinafiki kama mwenye mashine huwa anabaki na nakala. Nyuso zote zikanigeukia. Nikasema hapana.

(Ninazo ishirini na tatu. Ziko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Ni kumbukumbu za taifa. Mtu lazima azihifadhi.)

Ilipoulizwa nani ataandika kanuni, nilinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Nimekuwa katibu! Afadhali anayeijua mashine aandike kanuni za mashine.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeandika kanuni sita. Tano ni za kawaida, za kumfurahisha Mama Bertha. Ya nne ndiyo akili.

Habari ni kwamba Ernesti naye ameanza kurekodi. Ana kimashine cha mlango mmoja, alichokiunganisha kwa mabaki ya redio tatu. Katikati ya kaseti hukwama, anagonga ubavuni, inaendelea. Kwa hiyo kanuni ya nne inasema: kaseti yoyote yenye jambo zito, kama ndoa, talaka au mirathi, itachezwa hadharani mbele ya mjumbe na kiongozi wa dini wa wahusika, akiwepo mtu anayeijua sauti, tangu mwanzo wa upande hadi mwisho wa upande, bila kuzimwa.

"Bila kuzimwa" nimeipigia mstari. Kimashine cha Ernesti hakiwezi kumaliza upande bila kugongwa. Mambo mazito yote ya mtaa yatakuja kwangu. Nililala mchana kwa raha.

Jumapili, 10 Novemba

Kanuni zimepita. Mama Bertha alisifu ya nne kuliko zote. Sheikh Idarusi alisema imekaa kiadilifu. Ernesti alinitazama tu na kuchekelea. Nakala moja imebandikwa kwenye mlango wa duka la ushirika, ambalo kwa sasa halina kitu kingine cha kuonyesha.

Bi Saleha alikuwepo. Alipokuwa akitoka aliniambia nimeandika jambo la maana. Nilijibu kwa unyenyekevu kwamba nalifikiria sana suala la haki za watu.

Jumanne, 12 Novemba

Kaseti ya Mzee Mbarouk imefika!

Ameileta Haidar, mfanyabiashara anayekwenda na kurudi Pemba. Imefungwa kwa gazeti na kamba ya ukili. Alinikabidhi nimpe Bi Saleha, kwa kuwa nyumba yake haina mashine. Nikasema nitampa. Sikusema saa ngapi.

Jambo la kwanza nililoona: kile kijino cha plastiki nyuma ya kaseti kimevunjwa makusudi, ili isiweze kurekodiwa juu yake. Watu wa Wete hawana imani na watu wa Tanga. Inauma.

Niliiweka mashineni ili kuhakikisha haijaharibika na maji ya chumvi. Ni wajibu wa kitaalamu. Ikaanza na salamu. Salamu za mzee yule zina urefu wake: anamtaja mtu mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, anauliza magonjwa yao. Baada ya salamu ikafuata dua. Nikapeleka mbele. Dua bado. Nikapeleka mbele tena. Hatimaye nikasikia jina langu. Mzee anasema, kwa sauti nzito ya polepole, kwamba kuhusu huyu Abass, haki ya Mungu, moyo wake haukutulia. Kwamba amesikia hana kazi ya kueleweka. Kwamba amesikia ana maneno mengi.

Nikazima.

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilijisikia vibaya, na sikutazamia kujisikia hivyo. Mabaraza yanayotazama barabara yapo mengi. Lakini nilimfikiria Bi Saleha mwenyewe, anavyokata uzi kwa meno huku anakusikiliza, na nikaona kwamba ninampenda. Jambo hili limekuja wakati mbaya. Naliandika tu kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 13 Novemba

Nimefanya jambo. Nitalieleza kitaalamu.

Mwezi wa Ramadhani Mzee Mbarouk alimletea Bi Saleha kaseti nyingine. Bi Saleha aliisikilizia kwangu, akarekodi jibu juu yake, akairudisha Pemba. Kaseti ni adimu, kila mtu hufanya hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimebaki na nakala. Ndani yake mzee anatoa salamu zake zote, ananitaja mimi kama Abass mwenye redio, na baadaye anatoa ridhaa ya posa ya mdogo wake Saleha, Rahila, aliyeolewa hukohuko Wete. Anasema: nimeridhia, Mwenyezi Mungu awabariki.

Vyote ninavyohitaji! Vimetawanyika tu.

Mchana watu walipolala nilianza. Kwenye tundu la kijino nilibandika karatasi kwa uji wa muhogo. Nikaiweka kaseti mpya ya mzee kwenye mlango wa kurekodi, ile ya Ramadhani kwenye mlango wa kucheza. Kwanza salamu nzima, maana mzee asiyesalimu hakuna atakayemwamini. Kisha jina langu. Kisha ridhaa ya Rahila. Kisha baraka. Umeme ulikatika mara mbili, nikarudia. Betri nilizianika juani, zikapata nguvu za kumalizia.

Muda wote, dakika nne na nusu. Nimeisikiliza mara kumi na moja nikitafuta mikwaruzo. Kwenye kiungo cha pili kuna mlio mdogo, lakini unaweza kuwa mzee amemeza mate. Kazi safi. Ernesti asingeweza.

Je, ni uongo? Nimelitafakari. Kila neno limetoka kinywani mwa mzee mwenyewe. Sikuongeza hata herufi. Nimebadilisha tarehe tu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nilimpelekea Bi Saleha habari kwamba kaseti imefika, nikaongeza kwamba naona dalili njema. Alitabasamu.

Nilipendekeza aisikilize kwangu peke yake, faraghani. Akasema hapana, hili ni jambo la ndoa, lina kanuni yake. Nilikwenda kwa Mama Bertha kumweleza kwamba kanuni ya nne ilikusudiwa zaidi watu wa aina fulani. Akanisomea kanuni ya nne. Nikamwambia naijua. Akasema anajua kwamba naijua, mwandiko ni wangu.

Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, barazani kwa Bi Saleha.

Ijumaa, 15 Novemba

Naandika kwa utaratibu.

Walihudhuria Sheikh Idarusi, Mama Bertha, Haidar kama mtu anayeijua sauti, Bi Saleha na wanawake wenzake mlangoni, na nusu ya mtaa ambayo haikualikwa. Ernesti alikaa mbele kabisa. Mashine ilikuwa yangu. Umeme ulikuwepo. Mara ya kwanza wiki nzima umeme kuwepo alasiri!

Mzee Mbarouk akaanza kusalimu. Haidar akatikisa kichwa, ndiyo, ni yeye. Salamu kwa sheikh, salamu kwa majirani. Nilikuwa nahesabu viungo. Cha kwanza kilipita bila mtu kugundua. Nikaanza kupumua.

Kisha mzee akasema, kwa furaha, nisalimie sana dada yangu Mwanakhamis, mwambie mguu wake naukumbuka, nimempatia mafuta ya kuchua, nitamletea mwenyewe.

Bi Mwanakhamis ni shangazi yake Saleha, aliyemlea. Alifariki Mfungo Tatu, miezi mitatu baada ya Ramadhani. Tulimzika.

Niliisikiliza kaseti ile mara kumi na moja. Nilikuwa nasikiliza mikwaruzo.

Sheikh Idarusi alisema innalillahi, kimyakimya, kisha akanitazama. Bi Saleha aliweka mkono mdomoni. Mashine ikaendelea. Mzee akanitaja mimi, akaridhia, akanibariki. Ernesti akauliza kwa sauti kama Mzee Mbarouk huwa anawatumia marehemu mafuta ya mguu. Haidar akasema mzee alipopata habari za msiba alilia mbele yake mchana kutwa. Nikanyoosha mkono kuizima mashine.

Mama Bertha akaushika mkono wangu. Akasema: bila kuzimwa.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mtaalamu yeyote angelijua. Dakika nne na nusu zangu ziliisha. Ukasikika mlio, ta! Chini ya kazi yangu, kaseti ya mzee ilikuwa bado inaendelea, na sikuwahi kuisikiliza hadi mwisho.

Sauti ikawa nzito zaidi, ya mtu aliyechoka. Mzee alikuwa katikati ya sentensi. Akasema ndivyo alivyokuwa akifikiri mwanzo, na hakutaka kumficha mwanawe. Lakini Haidar kamweleza kwamba siku ya maziko, Abass alilibeba jeneza la dada yake toka nyumbani hadi kaburini bila kupokewa. Akasema mtu aliyembeba dada yake vile, yeye hana la kumnyima. Kaambiwa kwamba huyo Abass ni maskini na ana maneno mengi, na yawe hayo. Nimeridhia, akasema. Ila neno la mwisho ni lako mwanangu, ukimtaka.

Kisha akakohoa, akasema kaseti inakaribia kuisha, akaaga.

(Kuhusu jeneza: nilitaka kupokewa. Niliashiria mara kadhaa. Hakuna aliyenitazama.)

Ubishi ulikuwa mkubwa. Haidar alisema ridhaa ni ridhaa, mzee kasema. Mwingine akasema kaseti iliyochezewa kichwa haiaminiki mkia. Sheikh Idarusi aliwanyamazisha. Akasema ridhaa ya mwisho anaitambua, maana hakuna mwongo anayejitengenezea ushahidi kisha akauficha. Lakini mzee ameliacha jambo mikononi mwa bintiye, na yeye, sheikh, si wa kunitetea mimi. Kuhusu lile suala la salamu, akasema amepata jibu: sauti isiyo na mwenyewe haimlazimu mtu kitu.

Wote wakamgeukia Bi Saleha. Hakuzungumzia ndoa. Aliniuliza jambo moja, bila hasira. Baba yake alisema nini pale mwanzoni, pale niliporekodi juu yake? Hii ilikuwa kaseti yake ya kwanza tangu msiba. Alisema nini kuhusu shangazi?

Nikasema kulikuwa na salamu, halafu dua.

Akaniuliza dua gani.

Nikamwambia nilipeleka mbele.

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya maziko. Nilitamani kuwa Wete, au Maskati, au popote ambapo mtu angenisikia bila kuniona.

Jumamosi, 16 Novemba

Hukumu ya Mama Bertha: nisirekodi sauti ya mtu yeyote mwaka mzima. Nakala zote zirudi kwa wenyewe. Alijuaje kuhusu boksi la viatu sijui, hakuuliza lilipo, aliinama tu chini ya kitanda. Ubao umeteremshwa. Ernesti alijitolea ngazi.

Laurenti alipokea nakala yake na kuniuliza kwa nini niliibakiza. Nikasema kwa ajili ya historia. Akasema historia yake yuko nayo nyumbani, imemruhusu kurudi jana.

Alasiri Bi Saleha alikuja mwenyewe kuchukua ile ya Ramadhani. Ndiyo sauti pekee iliyobaki ambamo baba yake anamtaja shangazi akiwa hai. Akasema anajua kwamba kama ningekuwa mtu mwaminifu isingekuwepo. Alilisema bila kunishukuru na bila kunilaumu. Jumatatu anavuka kwenda Wete, ili baba yake amrudie ana kwa ana yale niliyoyafuta, kama bado anayakumbuka.

Nilimpa. Sikumwomba kitu chochote.

Nilijiwekea nakala kwanza.

Jumanne, 19 Novemba

Nimetafakari kwa utulivu chanzo cha matatizo yote, na nimekipata. Ni urefu. Ningerekodi kimya hadi mwisho wa upande, mkia usingesikika. Na orodha ya salamu ningeihakiki kwa daftari la misiba. Makosa mawili ya kiufundi, basi. Kwa upande wa maadili sioni dosari kubwa, kwa kuwa imethibitika mbele ya sheikh kwamba mzee aliridhia kweli. Nilisema alichokuwa anataka kusema. Nilitangulia tu.

Bi Saleha alivuka jana. Kabla ya kuondoka aliniachia kaseti kwa Mama Bertha, iliyorekodiwa kwa Ernesti. Nimeisikiliza leo, yote, bila kupeleka mbele. Watu waseme nimebadilika.

Ni fupi. Amesema hana kinyongo na mimi, ila hawezi kukaa na mtu ambaye kila neno analomwambia atalitafutia kazi nyingine. Amesema asante kwa kumbeba shangazi. Amesema nisimngoje, na ameridhia kubaki na cherehani yake. Mwishoni kuna mkwaruzo, Ernesti anagonga mashine, anamuuliza kama amemaliza, naye anajibu ndiyo.

Niliirudia mara kadhaa. Mara ya kwanza nililia, nakiri. Mara ya nne nilishika kalamu. "Abass" limo mara mbili, na mara ya pili amelitamka vizuri sana. "Ningoje" lipo, nikikata "usi" ya mbele kwenye "usiningoje". "Ameridhia" ni langu, yeye amesema "nimeridhia", safi, bila kelele nyuma. Na ile "ndiyo" ya mwisho ina hewa ya kutosha pande zote mbili.

Maneno yote ninayoyahitaji yamo. Yamekosa mpangilio tu. Kesho asubuhi umeme ukiwepo, naanza.